Mwalimu tarajali haji mtupu: dhana potofu kuhusu kuwa mwalimu

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, shule za Nyamagana na Ilemela, hapa Mwanza, hupokea walimu tarajali, yaani vijana wanaosomea ualimu, kutoka Chuo cha Ualimu Butimba, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe na vyuo vingine. Wanakuja na azimio la kazi, maandalio ya somo, na maneno waliyoambiwa na ndugu, marafiki, hata sisi walimu wenyeji, tunaowapokea shuleni. Baadhi ya maneno hayo yanawaumiza bure.

“Ualimu ni wito. Kama hukuzaliwa nao, achana nao.”

Wapo waliotamani chaki tangu utotoni. Wapo pia walioletwa na alama zao, mkopo wa masomo au matumaini ya ajira, na sioni sababu ya kuwasimanga. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa na chama cha TANU kwenye mwambao huu huu wa Ziwa Victoria, liliamua watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza kazi huku wanaifanya. Wengi wao wakawa walimu wa kweli kwa sababu waliendelea kuingia darasani, wakasahihisha, wakaulizana.

“Mwanachuo anakuja mtupu, chuo ndicho kinamjaza.”

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alionyesha kwamba anayeingia ualimu tayari amepitia uanagenzi mrefu wa kutazama, yaani amejifunza kazi kwa kuwaangalia walimu wake. Kwa hesabu ya kwetu, aliyemaliza kidato cha nne amewatazama walimu kwa miaka 11 kabla hajakanyaga chuo. Wa kidato cha sita, miaka 13. Lakini alitazama akiwa kwenye dawati. Alimwona mwalimu akiuliza, akikaripia, akichapa. Hakumwona nyumbani akisahihisha, wala hakujua kwa nini aliacha mfano mmoja akachukua mwingine.

Ndiyo maana darasa lililofurika likianza kupiga kelele, kijana hakumbuki nadharia ya chuoni. Anayemjia kichwani ni mwalimu wake wa darasa la nne: sauti ile, vitisho vile, fimbo ile. Na kuhusu fimbo tuseme wazi. Kanuni za 2002 za adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Mwanachuo anayetembea na fimbo kwa kuwa “ndivyo mwalimu alivyo” anavunja kanuni, tena anaiga sura ambayo hajawahi kuihoji.

Ninachowashauri ni hiki: waandike kuhusu walimu wawili waliowafundisha, mmoja waliyempenda na mmoja waliyemwogopa, kisha waeleze wamechukua nini kwa kila mmoja. Wengi wanashtuka kukuta kwamba darasani wanamwiga yule waliyemwogopa.

“Ukitetemeka wiki ya kwanza, hufai.”

Si kweli hata kidogo. Mwaka 1969 mtafiti wa elimu wa Marekani, Frances Fuller, alieleza kwamba walimu wanaoanza huhangaikia kwanza nafsi zao: nitaheshimiwa? nitalimudu darasa? Wasiwasi kuhusu kama mtoto anaelewa huja baadaye. Anayetetemeka yuko pale pale wengi wanapoanzia.

“Mwalimu halisi hasemi ‘sijui’.”

Sekondari ndiko dhana hii inakotesa zaidi. Watoto wa kidato cha kwanza wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, sasa wanasoma Baiolojia kwa Kiingereza. Mwalimu tarajali naye hajiamini na Kiingereza chake, basi anajaza ubao maandishi ili asiulizwe swali. Hapo anajifunza kujificha, na kujificha kukizoeleka hugeuka tabia ya kazi. Akisema “hilo sijui, nitalitafuta, kesho tuliangalie pamoja”, na kesho akalileta kweli, heshima yake haipungui.

“Mkufunzi akikupa alama nzuri, umeshakuwa mwalimu.”

Mkufunzi wa chuo anayekuja kuwapima anaona vipindi vichache, tena vilivyoandaliwa kwa ajili yake. Siku zilizobaki ni zetu wenyeji, na hapa lawama ni yetu. Kuna shule zinazowakalisha wanachuo kwenye benchi nje, chini ya mwembe, kana kwamba ni wageni wanaosubiri kuondoka. Kwingine mwenyeji anawaachia vipindi vyote, yeye haonekani tena mpaka siku ya kujaza fomu.

Wakuu wa shule, kabla vijana hawajafika, watafutieni viti ndani ya ofisi ya walimu. Waiteni kwenye vikao, wapangeni zamu pamoja na mwalimu mzoefu. Na mwenyeji akae nyuma ya darasa walau kipindi kimoja kwa wiki, halafu wazungumze dakika 10 bila fomu mkononi, aanze kwa kumuuliza: “Ni mtoto gani leo hakukuelewa, na ulijuaje?”