Je, wajua kwa nini darasa la historia lenye mabishano huenda bado halifikiri?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mbinu shirikishi humjengea mwanafunzi fikra tunduizi kwa sababu humpa nafasi ya kusema. Imani hiyo ilipata ufa siku nilipokaa nyuma ya darasa lililokuwa likijadili sababu za Vita vya Maji Maji. Vikundi sita vilijadiliana kwa bidii, kila katibu akabandika karatasi yake ya manila ukutani, na karatasi zote sita zilikuwa na orodha ileile: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida. Hata mpangilio ulifanana, kwa kuwa zote zilinakiliwa kutoka ukurasa mmoja wa kitabu. Kelele zilikuwa nyingi, ila hapakuwa na jambo lolote la kuamua.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mdahalo, igizo dhima na kazi za vikundi ndizo fikra zenyewe, ilhali ni vyombo tu; ukitia ndani yake maelezo ya upande mmoja, wanafunzi watagawana kazi ya kunakili. Hata mdahalo mkali mara nyingi humzoeza mwanafunzi kutetea upande aliopangiwa, na huo ni ustadi wa wakili kuliko wa mtafiti.

Kilichokosekana kilibainishwa mwaka 1991, pale mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alipowapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari maandishi yanayokinzana kuhusu mapigano ya Lexington ya 1775, yaliyofungua vita vya uhuru vya Marekani, wasome huku wakitamka wanachowaza. Wanafunzi wengi walianza mstari wa kwanza wakashuka hadi wa mwisho. Wanahistoria, wakiwamo ambao historia ya Marekani haikuwa fani yao, karibu kila mara walitazama kwanza nani ameandika, na lini. Kioja ni kwamba wanafunzi walikiamini sana kitabu cha kiada, ambacho wanahistoria walikiweka karibu na mkia.

Tabia hiyo tunayo sote mlangoni. Mtu akibisha hodi usiku, hatufungui kwanza ndipo tupime maneno yake, tunauliza, “Nani?” Jibu halitufanyi tumfukuze mgeni, bali hutuelekeza namna ya kumsikiliza: jirani aliyekuja kudai deni husikilizwa kwa sikio moja, aliyekuja kutoa taarifa ya msiba kwa jingine. Mwanafunzi aliyezoea kitabu kimoja hajawahi kusikia hodi, kwa kuwa mgeni huyo amekwisha kukaa sebuleni.

Sasa mpe maandishi mawili kuhusu Maji Maji. La kwanza ni la von Götzen, gavana wa Kijerumani wa wakati wa vita hivyo, ambaye kitabu chake cha 1909 kilitilia mkazo dawa na waganga. La pili ni simulizi za wazee zilizokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambamo pamba na kazi za shuruti hujitokeza mara kwa mara. Mashamba ya pamba ya pamoja yalianza 1902, Götzen akiwa madarakani, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutoyalaumu. Lakini wazee nao walikuwa wakikumbuka mambo ya miaka zaidi ya 60 nyuma, tena katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Hapo kikundi kina jambo la kubishania, na jibu halimo katika ukurasa wowote.

Ushahidi wa Wineburg ulitokana na watu 16 tu. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa na Avishag Reisman mwaka 2012, lilihusisha wanafunzi 236 wa San Francisco, na baadhi yao walisoma kwa nyaraka za aina hii kwa miezi sita. Hao waliwapiku wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida katika kuuliza mwandishi ni nani na katika kusoma kwa makini. Lakini katika kulinganisha chanzo kimoja na kingine, jambo ambalo mabishano ya darasani yangetarajiwa kulikuza kuliko yote, tofauti ya maana haikuonekana.