Saa 12 za dereva wa treni Marekani: dhana potofu na ukweli

Marekani iliweka kikomo cha saa za kazi kwa wafanyakazi wa treni mwaka 1907. Wakati huo kilikuwa saa 16 mfululizo. Marekebisho ya mwaka 1969 yalikishusha kwa hatua hadi 12. Sheria ina zaidi ya miaka 100, na bado wengi wanaijua nusunusu.

"Saa 12 zikitimia, dereva anakwenda zake nyumbani."

Zikitimia, haruhusiwi kuendesha tena. Lakini treni ya mizigo husimama popote zilipomkutia, mara nyingi kwenye njia ya kupishana mbali na stesheni. Dereva na kondakta hubaki ndani ya kichwa cha treni wakingoja gari liwaletee wa kuwapokea na kuwarudisha wao. Muda huo wa kungoja na kurudishwa, kisheria, si kazi wala si mapumziko. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1996. (Wakiagizwa kulinda treni wakati wanangoja, hapo inahesabiwa kazi.) Ndiyo maana mtu anaweza kufikisha saa 14 au 15 tangu aripoti, na hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya mwaka 2008 ilibana kidogo: muda wa namna hii unaopitiliza saa 12 una kikomo cha saa 30 kwa mwezi, na kila kinachozidi 12 huongezwa kwenye mapumziko yanayofuata. Ni nafuu ya kweli, ila kwa maoni yangu haitoshi.

"Saa 10 za mapumziko maana yake amelala vya kutosha."

Hapa ndipo penye uzito. Sheria hiyohiyo ya 2008 inadai saa 10 mfululizo za mapumziko, na kampuni hairuhusiwi hata kumpigia simu ndani ya saa hizo, isipokuwa kumjulisha dharura. Ni kinga nzuri. Lakini madereva wengi wa mizigo hawana ratiba. Huitwa treni ikiwa tayari, pengine saa mbili tu kabla ya kuripoti. Chukua dereva aliyeamka saa 12 asubuhi, mapumziko yake yameshatimia. Anashinda nyumbani na simu pembeni, hajui kama alale mchana au la. Simu inaita saa 4 usiku, anaripoti saa 6 usiku. Kwenye karatasi ni mtu mpya kabisa. Ukweli ni kwamba yuko macho saa 18, na mbele yake kuna nyingine 12 za kuvuta mabehewa gizani. Sheria pia ina kikomo cha jumla cha saa 276 kwa mwezi, lakini hakimsaidii usiku huo. Kinachomsaidia ni kujua mapema ataitwa lini.

"Kila baada ya siku 6 anapata siku 2."

Anapata saa 48, akiwa kituo chake cha nyumbani, ikiwa ameanza zamu siku 6 mfululizo. Siku nzima ikipita bila kuanza zamu, hesabu huanza upya, hata kama aliimaliza akingoja simu.

"Aliyetimiza mapumziko ya kisheria hasinzii."

Treni za abiria zina kanuni zake tangu 2011, na udhaifu ni uleule. Tarehe 1 Desemba 2013, huko Spuyten Duyvil, New York, treni iliingia kwenye kona ya kilomita 48 kwa saa ikiwa na mwendo wa 132. Watu 4 walikufa. Wachunguzi walikuta dereva alisinzia: alikuwa na tatizo la kukatika pumzi usingizini ambalo halijawahi kugunduliwa, na wiki mbili hivi nyuma alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya jioni kwenda ya alfajiri.

Mwaka 2016 serikali ilianza mchakato wa kanuni ya kuwapima madereva wa treni na malori tatizo hilo. Mwaka 2017 ikauondoa. Ulipaswa kurudishwa zamani.