Deki ya meza ya watu wanne: kila kadi ipimwe kwa wapinzani watatu

Mchezaji aliyezoea kupambana na mtu mmoja katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering anaweza kukaa kwenye meza ya watu wanne akiwa na deki (rundo lake la kadi) nzuri kabisa, na bado akawa wa kwanza kutolewa. Kadi zake zina nguvu na mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, inapatikana kwa wakati. Kilichombadilikia ni hesabu.

Nazungumzia mtindo wa Commander, ambao ndio ninaoupenda na ninaojengea deki: kadi 100, moja kati yake ikiwa kamanda anayeonekana na wote tangu mwanzo, hakuna kadi ya kujirudia isipokuwa ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana), na kila mmoja anaanza na uhai 40. Wapinzani watatu wana uhai 120 kwa jumla. Lightning Bolt, inayopunguza uhai 3 kwa mana moja, ni tishio la kweli mbele ya mtu mmoja mwenye uhai 20. Hapa inamaliza sehemu moja tu ya arobaini ya kazi.

Wingi wa uhai unavumilika. Kinachoua deki nyingi ni kubadilishana kadi moja kwa kadi moja. Tuseme jirani wa kushoto ameshusha joka, nawe unaliondoa kwa Swords to Plowshares. Wewe umepungukiwa kadi, yeye amepungukiwa kadi, na wale wengine wawili hawajatoa chochote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sisemi kadi hizo uzitupe. Mimi huweka sita au saba. Ila usizitumie kwa kuwa tu mana ipo. Zingojee kiumbe kinachokujia wewe, au kile ambacho kikiachwa mchezo unaisha.

Ninapojenga deki, jicho langu hutafuta kwanza maneno yanayomgusa kila mpinzani. Tazama Gray Merchant of Asphodel. Anagharimu mana 5, na akishuka, kila mpinzani hupoteza uhai sawa na idadi ya alama za mana nyeusi katika gharama za kadi zako zilizo mezani, mbili zikiwa zake mwenyewe. Wewe unapata jumla ya walichopoteza. Ukiwa na alama 5, katika pambano la wawili mwenzako anashuka 5 nawe unapanda 5. Katika meza ya wanne, watatu wanashuka 5 kila mmoja nawe unapanda 15, na hukumchagua mtu wa kumkasirisha. Gharama ni ileile. Syphon Mind nayo ni hivyo: kwa mana 4 kila mwingine anatupa kadi moja, nawe unavuta moja kwa kila iliyotupwa. Mbele ya mtu mmoja ni ghali mno. Mbele ya watatu ni kati ya kadi bora za rangi nyeusi.

Kadi za kufagia meza zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo naona watu wengi wakipoteza ushindi bila kujua. Ukicheza Wrath of God kwa mana 4 katika zamu yako, viumbe vyote vinakufa, halafu anayeanza kujijenga upya kwenye meza tupu ni jirani wa kushoto. Umemfungulia njia. Ndiyo maana naithamini sana Rout: kwa kawaida ni mana 5, lakini ukiongeza 2 unaweza kuicheza wakati wowote. Subiri mwisho wa zamu ya jirani wa kulia, fagia, kisha zamu inakuja kwako, ardhi zako zinasimama tena, tayari kutoa mana, na wewe ndiye wa kwanza kushusha kitu. Cyclonic Rift kwa mana 7 inafanya kazi hiyohiyo kwa namna kali zaidi, maana kadi zako zinabaki mezani na za wengine, isipokuwa ardhi, zinarudi mikononi mwao.

Ulinzi nao hubadilika. Propaganda inamtaka mshambuliaji alipe mana 2 kwa kila kiumbe anachokuletea. Katika pambano la wawili, hana mwingine wa kumpiga, kwa hiyo mwishowe atalipa. Kwenye meza ya wanne, jirani yako anapigika bure, na mwenye viumbe vitano hatatoa mana 10 kwa ajili yako wakati mlango wa pili uko wazi. Huna haja ya ngome isiyovunjika. Inatosha kuwa ghali kuliko wengine.

Deki za kukimbia na kushambulia mapema ndizo ninazoziamini kidogo zaidi. Mapigo ya kamanda mmoja yakifikisha jumla ya 21 humtoa mtu, lakini humtoa yule mmoja tu, na viumbe vyako vimelala, yaani vimeshashambulia na haviwezi kukukinga, huku wawili wakikutazama.

Kwa hiyo kadi ya kumalizia nayo iwapige wote kwa pamoja. Exsanguinate inakutaka ulipe mana mbili nyeusi na kiasi chochote juu yake, na kila mpinzani anapoteza kiasi hicho. Mwanzoni mwa mchezo ungehitaji mana 42 kuwamaliza. Waache wapigane. Mwenye uhai mwingi kati yao akibaki na 12, mana 14 zinatosha.