Mtoto akiandika "gobe", sikio lake limeacha nini?

"mama ana pika dizi na yama ya gobe."

Sentensi ya namna hii si ngeni kwa yeyote anayesahihisha imla ya darasa la kwanza. Mzazi akiikuta kwenye daftari huanza kuuliza shuleni wanafundisha nini. Sisi tunaowaandaa walimu wa madarasa ya chini tunaona mtoto aliyefika pazuri. Angalia irabu: zote ziko mahali pake, hakuna hata moja iliyokosewa. Kisha angalia alichokosa. Kwenye "ndizi" ameacha n, kwenye "nyama" ameacha n, kwenye "ng'ombe" amepoteza ng' na m. Zote ni sauti za puani: ama zimebanana na konsonanti inayofuata, ama, kama ny na ng', ni sauti moja inayoandikwa kwa alama zaidi ya moja. Mbona "mama" na "na" kapatia? Kwa sababu humo m na n zimesimama peke yake mbele ya irabu, kila moja kwa herufi yake, zinasikika wazi.

Mtoto huyu basi hajabahatisha. Ameandika alichosikia.

Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, ulimtaka mwalimu aanze na sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto anajua b inavyolia, anaiunganisha na a, anapata "ba". Kenya nako, mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka huohuo ulishika njia hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kiswahili njia hii inafaa sana: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake na haibadiliki. Mtoto anaweza kuandika "tatu" au "kiboko" hata kama hajawahi kuliona neno hilo limeandikwa.

Ila kuandika ni kugumu kuliko kusoma. Anaposoma, herufi ziko mbele yake, kazi yake ni kuzitamka. Anapoandika inabidi alivunje neno kichwani, akumbuke vipande kwa mpangilio, na huku mkono bado unahangaika na penseli. Ndiyo maana atasoma "ndizi" bila shida na kesho yake aandike "dizi". Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochapisha mwaka 2003 uchunguzi wao wa makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, walionyesha kuwa maandishi ya Kiswahili kunyooka hakumwondolei mtoto kazi hiyo.

Kumwandikisha "ndizi" mara hamsini kunachosha mkono tu, sikio linabaki palepale. Mwambie aweke kidole ubavuni mwa pua, aseme "dizi" polepole, kisha "nnndizi". Mara ya pili atahisi pua inatetemeka kabla ya d. Muulize: umehisi nini? Hiyo ndiyo n, iandike. Fanya hivyo kwa "mbuzi", kwa "njaa", kwa "nguo". Watoto wanaupenda mchezo huu, na darasa zima linaweza kuucheza bila kifaa chochote.

Kupiga makofi kwa silabi kunasaidia pia, lakini kuna mtego. "Mbuzi" ni makofi mawili: mbu-zi. "Mtu" nalo ni mawili: m-tu, ingawa lina irabu moja. Anayedhani kila kofi lazima liwe na irabu ataandika "mutu", hasa kama lugha ya nyumbani inatamka hivyohivyo.

"Ana pika" ni suala jingine. Tunapozungumza hatuachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo hakuna sikio litakalomwambia neno linaishia wapi. Hilo hujifunzwa kwa macho, kwa kusoma hadithi nyingi. Tusiwe wakali sana hapa, maana ujumbe wa simu za watu wazima umejaa "kwasababu" na "ni mefika".

Na kuna mahali sauti zenyewe zinaishiwa nguvu. Mtoto anayekulia kwenye lafudhi isiyotenganisha r na l hana namna ya kusikia tofauti ya "kalamu" na "karamu". Anayetamka "samani" na "thamani" sawasawa, zote kwa s, hatajua lini aandike "thamani". Hapo mwalimu atamke wazi, amwonyeshe ulimi ulipo, kisha ampe neno ndani ya sentensi na alione mara nyingi. Kumcheka lafudhi kunamfunga mdomo, na asiyetamka hawezi kuvunja neno.

Nyumbani, wimbo wa "ei, bi, si" usiwe ndio somo la kwanza la herufi. Jina la E kwa Kiingereza ni "i", na aliyelishika hilo akitaka kuandika "siku" anaweza kuweka "seku". Kiingereza kitakuja kwa zamu yake.

Makosa ya "gobe" hupungua kadiri mtoto anavyosoma na kuandika. Akimaliza darasa la pili bado anaruka irabu, au bado hawezi kusema "baba" linaanza na sauti gani, mwalimu na mzazi wakae pamoja, na mtoto apelekwe kupimwa masikio na macho.