Haikuwa nchi tupu

Juzi tena, tumeshaipita Tamworth, mgeni wangu wa kiti cha nyuma akayatazama malisho yanayokwenda mpaka macho yanachoka, akasema: "Ardhi yote hii na hapakuwa na mtu! Waingereza walibahatika." Nimewaendesha wageni barabara za bara za New South Wales, Australia, kwa miaka, wengi ndugu zetu wa Dar na Nairobi, na kauli hii nimeichoka. Inaniuma zaidi inapotoka kwetu. Mwaka 1895 Wajerumani nao walitangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" kwetu ni mali ya dola yao.

Hayo malisho unayoyasifu yalitunzwa. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walichoma nyasi kidogo kidogo kwa misimu ili chipukizi zitoke na kangaruu waje. Fika Brewarrina, uone ndani ya mto Barwon kuta za mawe zilizopangwa karibu nusu kilomita kunasa samaki, kazi ile ile ya wando wa pwani yetu, ila kwa mawe. Nani hupanga mawe hayo kwenye nchi tupu? Hata hivyo sheria ilishikilia hadithi hiyo mpaka Juni 3, 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilipoamua kesi ya Eddie Mabo, mzawa wa kisiwa cha Mer aliyedai haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Na waliokuwepo waliondolewaje? Kwa hili huwa nasimamisha gari Myall Creek, karibu na Bingara. Juni 10, 1838, wachunga ng'ombe waliopanda farasi, wengi wao wafungwa walioletwa kutoka Uingereza au waliokuwa wafungwa, waliwakuta Wawirrayaraay, jamii ya Waaborijini, wamepiga kambi kwa amani penye kibanda cha shamba. Waliwafunga kamba moja ndefu, wakawaongoza pembeni, wakawaua watu wasiopungua 28, wengi wanawake, watoto na wazee, kisha wakaichoma miili. Mfungwa mmoja mtunza kibanda, George Anderson, alikataa kushiriki, na baadaye akatoa ushahidi. Kesi ya kwanza washtakiwa wote 11 waliachiwa. Ya pili, saba walitiwa hatiani, wakanyongwa Desemba mwaka huo huo. Mauaji kama hayo yalikuwa mengi. Kunyongwa Wazungu kwa ajili yake ndiko kulikokuwa nadra.

Kumbukumbu ilizinduliwa mwaka 2000. Tafadhali usipige picha dirishani ukaondoka. Shuka, ufuate kinjia cha changarawe nyekundu kinachopinda kati ya miti, usimame kwenye kila jiwe lenye maandishi mpaka jiwe kubwa la mwisho. Nawaomba wageni wote wasizungumze njiani, na siwaombi radhi kwa hilo.

Madai mengine ya wageni nayapitia haraka. "Weupe wote ni vizazi vya wafungwa": hapana. Wafungwa kama 162,000 waliletwa kati ya 1788 na 1868, lakini South Australia, iliyoanzishwa 1836, haikuwa koloni la wafungwa, na dhahabu ya 1851 ilivuta umati wa watu huru.

"Waaborijini wamekwisha": sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya 812,000 pamoja na watu wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia. Huenda mmoja wao ndiye aliyekuuzia mafuta asubuhi.

"Waswahili wa Kilwa walifika kabla ya Waingereza": hili nalipenda, lakini halijathibitishwa. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kweli mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, pamoja na za Kiholanzi. Aliyezileta hajulikani, kwa hiyo usimweleze mtoto kama historia.

"Myall Creek ni kwenda na kurudi siku moja kutoka Sydney": ni zaidi ya kilomita 500 kwenda tu. Lala Bingara. Jua likizama kangaruu huingia barabarani, na mimi saa hizo huwa nimeshazima gari.