Wanashirikisho wa Marekani hawakuwa watu wa majimbo

Juzi tena, kwenye mjadala wa redio kuhusu ugatuzi, nimemsikia mzungumzaji akisema kwamba hata Marekani vyama vya kwanza vilizaliwa hivyo hivyo: Wanashirikisho wakitaka majimbo yajitawale, wenzao wakitaka serikali kuu yenye nguvu. Ni kinyume chake kabisa. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, tena kwa watu waliosoma, na linanikera kwa sababu linaigeuza historia nzima miguu juu kichwa chini.

Kwa kifupi: Wanashirikisho, au Federalist kama walivyojiita, ni chama kilichomzunguka Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, miaka ya 1790. Wapinzani wao waliongozwa na Thomas Jefferson na James Madison, wakajiita Republican. Hao nao wasichanganywe na Republican wa leo, ambao chama chao kilianzishwa 1854.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, foedus, yaani mapatano. Shirikisho letu nalo ni ndugu wa ushirika na shirika. Yote mawili yanaleta picha ya wengi walioungana huku kila mmoja akibaki na chake, na Wamarekani wa enzi ile walilielewa hivyo hivyo. Kabla ya katiba ya sasa walikuwa majimbo 13 yaliyofungamana kwa mkataba legelege, na Kongresi yao haikuweza hata kutoza kodi. Kwa haki, aliyeutetea mpango huo ndiye angeitwa mwanashirikisho. Lakini katiba mpya ilipoandikwa Philadelphia mwaka 1787, ikiwa na serikali kuu yenye meno, watetezi wake waliliwahi jina. Wakawa Federalist wao, na waliokuwa wakiyalinda majimbo wakabandikwa jina la wapinga shirikisho. Aliyewahi jina alikuwa ameshapata nusu ya ushindi.

Sikio la Mkenya lina sababu zaidi ya kupotea hapa. KADU, chama cha Kenya cha wakati huo, ilipodai majimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka madaraka yasirundikwe Nairobi. Mtu aliyekulia kwenye mazungumzo hayo akisikia shirikisho, moja kwa moja anamwona mtu wa mikoani anayeikataa serikali kuu.

Na vyama vilitoka wapi, maana katiba haikuvitaja popote na George Washington hakuvipenda? Vilitoka kwenye deni. Mwaka 1790 Hamilton alitaka serikali kuu iyabebe madeni ya vita ya majimbo, na hati za deni la taifa zilipwe kwa thamani kamili kwa yeyote anayezishika. Mfikirie askari aliyepigana na Waingereza akalipwa karatasi badala ya fedha. Shida ikambana, akaiuza kwa mlanguzi kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Sasa karatasi imepanda, na anayelipwa ni mlanguzi. Madison alisimama kwenye Baraza la Wawakilishi kutaka askari naye apate fungu lake, akashindwa kwa kura. Huyu ndiye Madison ambaye miaka 2 tu nyuma alikuwa akiandika makala bega kwa bega na Hamilton kuitetea katiba.

Ikafuata benki ya taifa mwaka 1791, ambayo Jefferson alisema katiba haikuiruhusu. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza zikaingia vitani, na ugomvi wa mahesabu ukawa ugomvi wa mitaani: nani yuko na Paris, nani yuko na London. Kufikia uchaguzi wa 1796 kambi zilikuwa wazi, John Adams wa Wanashirikisho akipata kura 71 za wajumbe wanaomchagua rais na Jefferson 68.

Kwa hiyo ndugu mzungumzaji, ukitafuta mtu wa majimbo katika kisa hiki, mtafute upande wa pili. Mwaka 1798 serikali ya Adams ilipopitisha sheria ya kuwafunga walioiandika vibaya, Jefferson, akiwa makamu wa rais, aliandika kwa siri maazimio yaliyopelekwa bunge la Kentucky. Rasimu yake ilidai kwamba jimbo lina haki ya kuitangaza sheria kama hiyo kuwa batili.