Ndege ya kujiundia uani: ya kijiweni na ya kweli

Hapa Kizota, Dodoma, kijana wa jirani yangu anachomelea fremu ya ndege uani kwao. Wazee wa kahawa hawabanduki pale, kila mmoja ana lake.

"Kina Wright walikuwa mafundi baiskeli tu, nani aliwafundisha?" Ndugu hao wawili wa Marekani, waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa wa baiskeli kweli, na chuo hawakukanyaga. Ila mwaka 1899 Wilbur aliiandikia taasisi ya Smithsonian kuomba maandishi yaliyokuwepo kuhusu kuruka. Mwaka 1901 wakaunda sanduku refu lenye feni, wakapima ndani yake maumbo ya mabawa kama 200. Mwaka uliofuata wakaruka mara mamia bila injini. Ndipo wakafunga injini, mwaka 1903. Hao hawakubahatisha.

"Injini ya boda inatosha, mbona yao ilikuwa na nguvu za farasi 12?" Inatosha kwa sekunde 12 na mita 36, kando ya bahari, baridi kali na upepo ukivuma usoni, maana safari yao ya kwanza ilikuwa hiyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Novemba, joto likifika nyuzi 32, hewa yetu inakuwa nyepesi kama ya mwinuko wa mita 2,000. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na bawa linadai mbio ndefu zaidi ndipo linyanyuke. Halafu kuna pangaboi. Ukilifunga la mita moja na nusu moja kwa moja kwenye kranki ya boda inayozunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha zake zinapita kasi ya sauti: makelele mengi, msukumo kiduchu. Rotax 912, injini ya ndege ndogo, huzunguka mara 5,800 tu, na bado ina gia ya kupunguza mizunguko ya pangaboi.

"Ikizima angani inadondoka kama jiwe." Hapana, inateleza. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ikizima mita 1,000 juu hufika kilomita kama tisa mbele.

"Nzito ndiyo imara." Kijana alianza na mabomba ya mageti. Uzito wenyewe ni shida, ila kubwa zaidi ni mahali ulipokaa. Mkia ukizidi, pua inapanda, mabawa yanakosa hewa, na usukani hauirudishi. Jumapili moja tuliazima mizani tatu za magunia ya alizeti, moja chini ya kila gurudumu, yeye kakaa kitini. Tukapiga hesabu kujua uzito umeegemea wapi. Betri aliyoificha nyuma ya kiti ilihamia mbele kabla ya magharibi. "Mjomba, kumbe ingenilaza chali!"

"Serikali haipendi wabunifu." Ndege hairuki bila usajili, ule unaoanza na 5H, na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini. Hata Marekani, zilikojaa ndege za hivi, mjenzi anakaguliwa, kisha kwa kawaida anaruka majaribio ya saa 25 au 40 bila abiria. Tatizo ni watu kwenda ofisini kitambaa cha kufunika mabawa kikiwa kimeshabandikwa, wakati mkaguzi anataka kuona mbavu za bawa na boliti zake.

Mabawa ya kijana bado yako wazi. Kayafunika turubai kwa ajili ya vumbi.